Gari Zima, Dereva Mzima, Mtandao Umekatika

Jumapili, Januari 15, 2023, gari namba 1 la Team Redline lilikuwa likiongoza Saa 24 za Le Mans za mtandaoni, likiwa limemwacha aliyelifuata kwa zaidi ya dakika moja. Aliyeshika usukani ni Max Verstappen, Mholanzi ambaye miezi michache kabla ya hapo alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 kwa mara ya pili. Hakugonga ukuta. Tairi halikupasuka wala injini haikutoa moshi. Alitolewa tu. Muunganisho kati ya kompyuta yake na seva ya mashindano ulikatika, na gari lililokuwa la kwanza likawa halipo barabarani. Alipofanikiwa kurejea alijikuta nje ya kumi bora, nyuma kwa mizunguko kadhaa, na haukupita muda timu ikaamua kulitoa gari mashindanoni.

Verstappen si mtu wa kumeza uchungu. Akisikika kwenye matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni, alisema kuwa waandaaji wanaita bahati mbaya kitu ambacho kwa kweli ni kutoijua kazi. Alisema mtu ana nafasi kubwa zaidi ya kushinda akienda kwenye kasino za Las Vegas. Kisha akaongeza kuwa ataufuta mchezo huo kwenye kompyuta yake, angalau apate nafasi ya kuhifadhia vitu vingine. Ilikuwa mara ya tatu kutupwa nje akiwa kwenye mbio hizo, alisema, na hatashiriki tena.

Maneno hayo yalizunguka dunia, na wengi waliyapokea kama kituko: tajiri analia kwa sababu ya gemu. Kicheko hicho kilikosea mahali pa kuangukia. Kilichotokea siku ile kilifichua jambo ambalo mashabiki wa mbio za mtandaoni walikuwa wakilijua kitambo na waandaaji hawakupenda kulitamka: kwamba katika mbio hizi kinachopimwa uwezo wa kustahimili saa 24 si dereva peke yake, wala si gari, bali ni mtambo ambao hakuna timu hata moja inayoruhusiwa kuugusa.

Vichwa vya habari viliwasahau wenzake. Ndani ya gari namba 1 walikuwamo pia Luke Browning, chipukizi wa Uingereza ambaye Novemba ya mwaka huohuo angeshinda mbio za Macau za Formula 3. Jeffrey Rietveld, Mholanzi aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Le Mans ya mtandaoni mwaka 2022. Na Diogo Pinto, Mreno aliyejijengea jina kwenye kompyuta. Wawili wa magari ya chuma, wawili wa magari ya kwenye skrini, wote wanne wakipokezana gari moja ambalo hakuna aliyewahi kulishika kwa mkono. Kwa maelezo ya Verstappen mwenyewe, walikuwa wamejiandaa miezi mitano kwa ajili ya ubingwa wa msimu, na miezi miwili kwa ajili ya mbio hizi peke yake.

Miezi miwili ya kujiandaa kwa gemu? Ndiyo. Timu kama Redline, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000, haiingii mashindanoni kwa kubahatisha. Madereva hukimbia mizunguko mamia kwa mamia wakipima ni lita ngapi zinaliwa kwa mzunguko, tairi linaanza kuteleza baada ya muda gani, na kama inalipa kumbakisha dereva huyohuyo kwa zamu mbili mfululizo au abadilishwe. Wahandisi, nao wakiwa majumbani mwao, hukaa wakisoma takwimu zinazotoka kwenye gari: joto la breki, mafuta yaliyobaki, sekunde zilizopotea kwenye kona fulani. Yupo pia mwangalizi, ambaye kazi yake ni kumnong'oneza dereva masikioni kwamba kuna gari kushoto, kuna gari kulia, sasa pamebaki peupe. Kwenye gari halisi dereva huhisi mwenzake akija ubavuni. Mbele ya skrini pembe za macho hazioni kitu.

Vifaa vyenyewe havifanani na vile vya kuchezea vinavyouzwa madukani. Usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mota yenye nguvu inayoipinda mikono isipokaa imara, na humrudishia dereva kila tuta la kona na kila tairi linapoanza kupoteza mshiko. Kanyagio la breki halipimi mguu umeshuka kiasi gani. Linapima umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, kama ilivyo kwenye gari la mashindano. Mtu akikaa humo saa mbili, viganja vinawaka moto, shingo inakakamaa kwa kutazama mbele bila kugeuka, na chumba kinapata joto hadi feni inageuka kuwa kifaa cha lazima. Kinachokosekana ni ile nguvu inayoutupa mwili kwenye kona.

Na pengo hilo si dogo. Greger Huttu, Mfini wa Team Redline, ametwaa ubingwa wa dunia wa iRacing, jukwaa la mbio za mtandaoni, mara kadhaa, na kwa miaka mingi wenzake walimtazama kama mtu asiyefungika. Jarida la Top Gear la Uingereza liliwahi kumpeleka kwenye uwanja wa Road Atlanta, Marekani, na kumpakia kwenye gari halisi la Star Mazda ingawa hakuwa na uzoefu wowote wa gari la mashindano. Kona alizijua zote, na alijua pa kushikia breki. Mwendo wake uliwashangaza waliokuwapo. Kisha tumbo likakataa, akatapika. Akili ilikuwa imekwenda shule, mwili haujaandikishwa.

Huyohuyo Huttu ndiye aliyekaa gari moja na Verstappen kwenye toleo la kwanza la mbio hizi, Juni 13 na 14, 2020. Mwaka ule Le Mans halisi, ambayo imekuwa ikikimbiwa nchini Ufaransa tangu 1923, ilikuwa imesogezwa hadi Septemba kwa sababu ya korona. Ili wikiendi ya Juni isipite patupu, waandaaji waliwaita watu mtandaoni, na waliitikia kwa wingi usiotarajiwa. Magari yalikuwa 50, madereva 200. Thelathini yalikuwa ya daraja la juu, yote ya aina moja, ORECA 07. Ishirini yalikuwa ya daraja la GTE, Porsche, Ferrari, Corvette na Aston Martin. Kanuni ilitaka kila gari liwe na angalau madereva wawili wenye leseni ya mbio halisi, na hakuna aliyeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa saba. Fernando Alonso alikuwapo na Rubens Barrichello. Charles Leclerc alikuwa kwenye Ferrari. Kulikuwa na gari la wanawake pekee, likiendeshwa na Tatiana Calderón, Sophia Flörsch, Katherine Legge na Emily Jones. Bendera ilishuka saa tisa alasiri kwa saa za Ufaransa, yaani saa kumi jioni huku kwetu.

Mambo hayakuchelewa kuharibika. Mbio zilisimamishwa kwa bendera nyekundu mara mbili. Gari la Redline lililokuwa na Verstappen, Huttu, Lando Norris na Atze Kerkhof lilianza kuvuta kulia lenyewe hata kwenye barabara iliyonyooka, na Verstappen alilalamika wazi kwamba haliendesheki. Alonso, mshindi mara mbili wa Le Mans ya kweli, alikwamishwa na hitilafu ya programu iliyomzuia kujaza mafuta. Fikiria: mtu aliyewahi kushinda na Toyota baada ya saa 24 za giza na jua anaambiwa kituo cha mafuta hakifanyi kazi kwa sababu ya mstari fulani wa msimbo wa programu.

Walioibuka na ushindi mwaka huo ni Rebellion Williams Esport: Louis Delétraz wa Uswisi na Raffaele Marciello, wote madereva wa magari halisi, pamoja na vijana wawili wa Poland, Nikodem Wisniewski na Kuba Brzezinski. Walikamilisha mizunguko 371 ya kilomita 13.626 kila mmoja, zaidi ya kilomita 5,000, na waliowafuata walikuwa nyuma kwa chini ya sekunde 20. Daraja la GTE lilichukuliwa na Porsche. Ulikuwa ushindi wa haki kabisa, lakini ukiutazama kwa makini unaona kwamba sehemu ya ubora wao ilikuwa kutokupatwa. Mashine haikuwachagua.

Jina la Delétraz nimelitaja kwa makusudi. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2021, alikuwa Le Mans yenyewe, kwenye lami na petroli, akiwa na timu ya WRT ya Ubelgiji katika gari namba 41, pamoja na Robert Kubica na Ye Yifei wa China. Waliongoza daraja la LMP2 hadi mwanzo wa mzunguko wa mwisho. Hapo, Ye akiwa kwenye usukani, gari likazima. Baada ya saa 24, zilizokuwa zimebaki ni dakika chache tu. Gari dada la timu hiyohiyo, namba 31, ndilo lililokwenda kuchukua ushindi, na nalo lilimshinda mpinzani wake kwa sekunde 0.727.

Weka misiba hii miwili pamoja, ule wa WRT mwaka 2021 na ule wa Redline mwaka 2023, kwa kuwa inafanana hadi inatisha. Redline nayo ilikuwa na gari dada, namba 2, likiwa na Felipe Drugovich, Felix Rosenqvist, Luke Bennett na Chris Lulham. Gari namba 1 lilipotoka, namba 2 ndilo lililoshinda mbio. Timu ileile ikashindwa na ikashinda siku moja. Tofauti iko kwenye kilichofuata. WRT walilifungua gari lao wakakuta hitilafu kwenye waya wa kihisi cha akselereta. Mtu aliweza kuushika, kuutazama, na kuamua usifungwe tena namna ile. Kosa lilikuwa lao, na utatuzi ulikuwa wao. Redline hawakuwa na cha kufungua. Gari lao halikuwa na kasoro, kompyuta ya dereva haikuwa imezimika, na mkakati wao wa mafuta ulikuwa sahihi. Kilichowaangusha kilikuwa kwenye jengo jingine, chini ya usimamizi wa watu wengine, na maelezo waliyopewa yalikuwa ya jumla: matatizo ya seva, na tuhuma kwamba usalama wa mtandao ulikuwa umeingiliwa. Mbio za 2023 nazo zilisimamishwa mara mbili kabla hata ya mkasa huo.

Mbio za masafa zilizaliwa ili kupima chombo. Watengenezaji walileta magari Le Mans kuonyesha kwamba taa zao haziungui na breki zao hazikwishi usiku kucha. Timu iliyofika mwisho ilikuwa imejenga vizuri. Iliyokwama njiani ilikuwa na kitu cha kujifunza. Kwenye toleo la mtandaoni, magari yote yanakimbia ndani ya chombo kimoja, na mwenye chombo si mshindani. Ni mashindano ya ngalawa yanayofanyika juu ya sitaha ya meli moja: nahodha wa ngalawa anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini meli ikipata tundu ustadi wake hauna pa kushika. Ndiyo maana hasira ya Verstappen, pamoja na ukali wake wote, ilikuwa na mantiki. Alikuwa amefanya sehemu yake, na upande uliobaki ulikuwa wa waandaaji.

Ni haki pia kueleza kwa nini kazi ya waandaaji ni ngumu. Gari la LMP2 likienda kilomita 300 kwa saa linakata mita 83 kila sekunde. Taarifa kwamba limepinda usukani lazima itoke kwenye kompyuta ya dereva, ipite kwenye nyaya hadi kwenye seva, kisha isambazwe kwa wengine wote. Ikichelewa kwa milisekunde 150 tu, gari limekwisha kusogea zaidi ya mita 12, karibu urefu wa magari mawili na nusu. Kwa hiyo kompyuta yako haikuonyeshi mwenzako alipo. Inakuonyesha inapokisia yupo, ikifuata mwendo aliokuwa nao kitambo kidogo. Mara nyingi ukisio ni mzuri. Lakini magari mawili yanapoingia bega kwa bega kwenye kona za Le Mans ziitwazo Porsche, ukisio ukikosea kwa kiasi cha nusu mita, dereva mmoja anaona wamegusana na mwingine anaona hewa katikati yao. Mmoja anarushwa ukutani kwa mgongano ambao kwenye skrini ya mwenzake haukutokea. Madereva wa mbio za mtandaoni hujifunza kuacha upana wa ziada, si kwa adabu, bali kwa sababu hawaamini wanachokiona.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa sana habari ya mtandao kukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikayumba kwa siku kadhaa. Watu walishindwa kutuma fedha na kufanya mikutano. Kijana wa Kinondoni mwenye usukani wa simuleta, na wapo, angejua siku ile hana mbio. Hata nyaya zikiwa nzima, seva nyingi za mashindano makubwa ziko Ulaya na Amerika, na mwanga ndani ya waya husafiri kwa kasi ya takriban theluthi mbili tu ya ule wa hewani. Umbali wa kwenda Ujerumani na kurudi hauwezi kufutwa na kifurushi chochote cha intaneti. Ongeza mgao wa umeme, na utaelewa kwa nini wa kwetu huanza mbio wakiwa wamekwisha kuachwa kabla bendera haijashuka.

Wiki moja tu baada ya nyaya hizo kukatika, Mei 18 na 19, 2024, Redline ilikuwa tena kwenye mbio za saa 24, safari hii kwenye jukwaa la iRacing, katika uwanja wa Nürburgring. Huko utaratibu ni mwingine. Mbio zilezile huanzishwa kwa nyakati tofauti mwishoni mwa wiki ili wa Australia, wa Ulaya na wa Amerika kila mmoja apate saa inayomfaa, na maelfu ya timu hugawanywa kwa viwango, wanagenzi wakikimbia na wanagenzi, mabingwa na mabingwa. Kila dereva analazimika kufikisha angalau robo ya fungu lake la haki la mizunguko, ili asitokee hodari mmoja akawabeba wengine waliolala. Dereva akikatika, gari huvutwa hadi kwenye karakana na mwenzake anaweza kulichukua. Muda unapotea, ila mbio zinaendelea. Kwangu kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha kwamba mwenye jukwaa amekubali ukweli: mtandao utakatika, kwa hiyo ukikatika tufanye nini?

Wikiendi hiyo Verstappen alikuwa Imola, Italia, akifanya kazi anayolipwa. Jumamosi alishinda nafasi ya kwanza ya kuanzia, ya nane mfululizo, akiifikia rekodi ya Ayrton Senna. Kati ya shughuli hizo aliingia kwenye simuleta kuchukua zamu zake za Nürburgring. Jumapili gari la Redline likashinda saa 24 za mtandaoni, na siku hiyohiyo Verstappen akashinda Imola, akimzuia Norris kwa sekunde 0.725. Siku mbili, ushindi mara mbili, nchi moja ya kweli na nyingine ya kwenye skrini.

Julai mambo yakageuka. Usiku wa kuamkia mbio za Hungary alikaa kwenye simuleta hadi karibu saa tisa usiku katika mbio za saa 24 za Spa. Kesho yake Hungaroring alikuwa mkali kwenye redio, aligongana na Lewis Hamilton, akamaliza wa tano. Helmut Marko, wakati huo mshauri wa Red Bull, alisema hatakesha tena namna ile kwenye wikiendi ya mbio. Waandishi walimbana Verstappen kama usiku ule ndio ulioharibu mchana wake. Imola hakuna aliyeuliza swali hilo. Usingizi wa mshindi haukaguliwi.

Hata hivyo swali lenyewe si la kipuuzi. Zamu ya saa mbili kwenye simuleta baada ya siku ya kazi, na nyingine alfajiri, inachosha kwa namna isiyoonekana. Mwili haukutikiswa, kwa hiyo hauombi kulala. Akili ndiyo imekwisha. Timu zinazojua kazi zao huandika ratiba ya usingizi mapema kama zinavyoandika ya mafuta. Anayelala hupigiwa simu dakika kadhaa kabla, kwa sababu lazima awe amekwisha kuingia kwenye seva, kompyuta imepakia kila kitu, mikono imepashwa joto, ndipo gari liingie karakana na yeye alichukue. Asiposikia simu, aliyechoka huendelea. Watu wengi waliowahi kushiriki mbio hizi wanalo simulizi la mwenzao ambaye simu iliita hadi ikanyamaza.

Le Mans ya mtandaoni haikurudi mwaka 2024. Kampuni iliyokuwa ikiiendesha, Motorsport Games, iliomba radhi kwa yaliyotokea Januari 2023, na baadaye mkataba wake wa mbio hizo ukafikia tamati. Studio 397, walioiendeleza programu ya rFactor 2 iliyotumika, walileta Le Mans Ultimate Februari 2024, na wapenzi wa magari hayo wamehamia huko. Kama siku moja saa 24 rasmi zitarudi, timu zitakuja, ninaamini hivyo, kwa kuwa zilikuja hata baada ya 2020. Lakini zitauliza kwanza maswali ambayo hazikuuliza mwanzo: seva ziko wapi, nani anazilinda, na dereva akitupwa nje bila kosa lake anarudishwa wapi na kwa kanuni gani.

Kuhusu wale waliosema haya ni gemu tu, yupo mmoja wa kumtazama. Chris Lulham, Mwingereza wa gari dada namba 2 lililoshinda siku ile ya hasira, alianzia kwenye gokati utotoni, akajulikana kwenye simuleta, na mwaka 2025 alikuwa akiendesha gari halisi la GT3 kwenye mashindano ya GT World Challenge Europe chini ya timu ya Verstappen. Septemba 27 mwaka huo wawili hao waliingia kwenye mbio za saa nne za Nürburgring, barabara ya milimani ya Nordschleife, wakiwa na Ferrari 296 ya Emil Frey Racing. Ni barabara ambayo wote wawili walikuwa wameikariri mbele ya skrini. Verstappen aliendesha kwanza, akajenga pengo la zaidi ya dakika moja, akaingia karakana na kushuka. Lulham ndiye aliyepanda, akalifikisha gari mwisho likiwa la kwanza.